Naomba ushauri: watoto saba na mialiko ya kiangazi isiyoisha

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Sisi ni familia ya watu tisa, tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, sasa tunaishi Bowling Green, Kentucky, huku Marekani. Tangu shule zifungwe hatujapata Jumamosi moja ya kupumua. Harusi, mikesha, mazoezi ya kwaya, halafu nyama choma ya tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, watu zaidi ya 40 uani kwetu. Namshukuru Mungu kwa ajili yao wote. Nilipojifungua kitinda mimba, ndio walionipikia uji.

Lakini juzi usiku nilimkuta binti yangu mkubwa, ana miaka 15, amesinzia jikoni, kichwa mezani, mkononi bado kashika chupa ya maziwa ya mdogo wake. Roho iliniuma sana. Kila tunakokwenda yeye ndiye mlezi, maana mimi naitwa kupika na baba yao anafanya zamu ya usiku.

Nimemwahidi siku moja yetu wenyewe kabla shule hazijafunguliwa Agosti: twende Mammoth Cave, lile pango kubwa la hapa Kentucky. Sasa Jumamosi hiyohiyo mzee wetu wa kanisa ametualika kwenye sherehe ya shukrani, na tunamheshimu kama baba.

Nimwambieje bila kumvunjia heshima? Niende mwenyewe kumweleza, au baba watoto ndiye aongee naye? Na mliowahi kwenda pangoni na watoto wadogo, wa miaka miwili ataziweza ngazi zile? Nasikia ndani ni kama nyuzi 12 hata kiangazi, kwa hiyo masweta nabeba. Tiketi mlikata mapema kiasi gani?