Laki 3: simu mpya au mtumba?

MamaWawili: Wakuu, mwanangu anaanza chuo. Laki 3 nichukue ipi?

FundiAggrey: Mtumba, dada. Kwanza bonyeza *#06# uone IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, walipozima simu zenye IMEI feki, wateja walijaa kibandani kwangu wakidhani nimezizima mimi! Diploma ya kompyuta ninayo, lakini kubandua kioo nimejifunzia Kariakoo, vidole vikiungua. Ulaya tangu Desemba 2024 simu mpya lazima zichaji kwa USB-C. Safi. Ila betri bado wanazigandisha kwa gundi kama soli ya kiatu.

MamaWawili: Na chaja?

FundiAggrey: Ya elfu 2 usiguse. Jana nimechomoa moja, imeyeyukia kwenye tundu la simu.

Mpemba_TZ: Mkuu, unaharibia watu biashara.

FundiAggrey: Hata yangu. Hizo ndizo zinazoniletea kazi.