Mafundi wa saruji mnatumalizia nyumba za Mji Mkongwe

Wadau, leo naandika kwa hasira na sitaomba radhi.

Nyumba yetu ya urithi ipo Malindi, Unguja. Ukuta wa nje ulikuwa na unyevu, tukaita fundi. Akabambua chokaa yote ya zamani, akapiga plasta nene ya saruji, juu yake akapaka rangi ya mafuta, akachukua pesa yake akaondoka. Masika yalipoingia, unyevu ukahamia ndani na kupanda hadi usawa wa dirisha. Rangi imevimba mapovu. Ukiikwangua kwa ukucha inadondoka, na nyuma yake kuna unga mweupe wa chumvi. Huko nje saruji inabanduka mapande, na kila pande linaondoka na jiwe lake. Nimempigia simu, anasema tuongeze saruji!

Jamani, kuta hizi ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, unene wake nusu mita na zaidi. Chini hazina nailoni ya kuzuia maji kama nyumba za tofali za siku hizi. Maji yanapanda kutoka ardhini, ya mvua nayo yanaingia, na miaka yote yalikuwa yakitokea nje kwa sababu chokaa inapumua. Ukiziba kwa saruji, yatatokea ndani. Chumvi inaganda nyuma ya plasta, inatanuka, inasaga jiwe. Na vichwa vya boriti vimeingia humohumo ukutani! Vikioza, dari inawashukia watu.

Mji umo kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na mifuko ya saruji inapita vichochoroni mchana kweupe, hakuna anayeuliza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna hata fundi mmoja aliyeinua macho kutazama maji yanatoka wapi. Gata imetoboka. Kiyoyozi cha jirani kinachuruzika ukutani kutwa. Uchochoro umemwagwa zege mpaka umepita kizingiti cha mlango. Hayo ndiyo ya kuanza nayo. Kisha saruji itolewe taratibu kwa patasi, ukuta uachwe ukauke, ndipo ipigwe chokaa iliyozimwa kwa maji ikakaa shimoni wiki kadhaa, tabaka jembamba baada ya jembamba, ikinyunyiziwa maji na kukingwa jua. Mwisho chokaa ya kupaka, si rangi ya mafuta. Ni kazi ya subira, na wanaotaka kulipwa Ijumaa hawaitaki.

Anayemjua fundi wa chokaa hapa Unguja, wa kweli, aandike chini. Nitalipa, na nitangoja.

Na nyie mnaozunguka kutuuzia rangi "isiyopitisha maji" kwenye nyumba za mawe, nijibuni hapahapa: maji ambayo tayari yamo ukutani yatokee wapi?