Kundi letu la sanaa tunataka kusaidia misitu ya mvua, tufanyeje isiishie kwenye laiki?

Uzi_na_Rangi:
Habari zenu wadau. Mimi ni mmoja wa wanaoendesha kundi la watu wa sanaa mtandaoni, kuna wachoraji, wafumaji wa kroshia, watu wa katuni, na wapiga gitaa wawili watatu, tumetawanyika kila kona na wengi hatujawahi kuonana uso kwa uso. Limekuja wazo la kutenga mwezi mzima kwa ajili ya misitu ya mvua, kila mtu atoe kazi moja ya mnyama au mmea wa huko, nyingine zipigwe mnada, nyingine zitengenezewe stika na kalenda, pesa iende kwenye uhifadhi. Watu wamechangamka mpaka raha. Ila kinachonisumbua ni kwamba kampeni nyingi za hivi zinawaka wiki moja halafu kimya, picha zimesambaa, laiki kibao, ukiuliza msitu gani umenufaika na nani kapokea hela hakuna anayejua. Hawa wenzangu wanakesha kwenye hizi kazi, sitaki jasho lao lipotee hewani. Wenye uzoefu naomba mniambie, pesa tupeleke wapi, na je pesa ndiyo kila kitu?

Kasuku_Mzee:
Hongereni sana, na msijidharau kwa udogo wenu. Mwaka 1987 huko Sweden mwalimu anaitwa Eha Kern alikuwa anafundisha darasa lake la shule ya msingi habari za misitu ya mvua, akamwalika mwanabiolojia Sharon Kinsman aliyekuwa anafanya utafiti Monteverde, Costa Rica, aje aongee na watoto. Watoto waliposikia msitu unamalizwa wakauliza sasa kwa nini sisi tusiununue? Wakaanza kutunga nyimbo, kuigiza, kuuza vitu, na habari ikatoka shule moja hadi nyingine mpaka watoto wa nchi 44 wakawa wamechangia, na hapo intaneti ya kuwaunganisha hawana. Huo msitu upo mpaka leo, unaitwa Bosque Eterno de los Niños, yaani Msitu wa Milele wa Watoto, una zaidi ya hekta 22,000 na ndiyo hifadhi binafsi kubwa kuliko zote Costa Rica.

Kwa maoni yangu kilichowabeba ni kwamba walichangia sehemu moja yenye jina, na kule kulikuwa tayari na watu wa palepale, Monteverde Conservation League, wa kununua ardhi na kuilinda. Ukimwambia mtu tunaokoa misitu ya dunia atatikisa kichwa tu aendelee na shughuli zake, lakini mwonyeshe ramani, mto huu, mlima huu, walinzi hawa wanahitaji buti na redio, huyo anaingiza mkono mfukoni. Chagueni msitu mmoja.

njia_panda:
Nakubaliana na Kasuku ila hapo kwenye kununua ardhi muwe macho. Monteverde ilifaa, lakini sehemu nyingi msitu una wenyewe, watu wameishi humo vizazi na vizazi hata kama hawana hati, mkichangia mtu wa mbali akanunua na kuweka uzio mtakuwa mmewafukuza walinzi wenyewe. Kwa ujumla misitu iliyo mikononi mwa jamii za asili zenye haki inayotambulika inakatwa kidogo kuliko ya jirani zao, hilo limeonekana sana Amazon. Angalieni Wawaorani, jamii ya asili ya Amazon huko Ecuador, mwaka 2019 waliishtaki serikali, Nemonte Nenquimo akiwa mmoja wa viongozi wao, wakashinda kesi mahakama ya Pastaza, na karibu hekta 200,000 za msitu wao zikaepuka kuuzwa kwa wachimba mafuta. Kabla ya hapo walikuwa wamechora ramani zao wenyewe, hapa kuna mti wa dawa, hapa pa kuwinda, hapa maporomoko, kwa sababu kwenye ramani za serikali pote palionekana patupu! Watu wa kuchora kama nyie naona hapo mnaelewa kabisa uzito wake.

Kwa hiyo kabla hamjatuma hata senti waulizeni hao mnaotaka kuwapa, ardhi ni ya nani, wenyeji wamekubali lini na kwa njia gani, mwaka jana hela ilitumikaje. Wakijibu kwa maneno matamu bila karatasi, tafuteni wengine.

Chipukizi22:
Kwa nini msifanye kama TeamTrees? Ile kampeni ya 2019 ya wale watu wa YouTube, MrBeast na Mark Rober, dola moja mti mmoja, walitaka miti milioni 20 na wakafika kabla mwaka haujaisha. Watu wanapenda kitu cha kuhesabu, mchoro mmoja mti mmoja, rahisi kueleweka na kila mtu anashea.

njia_panda:
@Chipukizi22 hesabu rahisi inavuta watu kweli, hilo wachukue. Lakini msitu wa mvua uliosimama ukishakatwa huwezi kuurudisha kwa miche. Chukua mti wa njugu za Brazili, maua yake yanahitaji nyuki wenye nguvu wa kuyafungua, hasa nyuki wa okidi, na hao nyuki nao wanahitaji maua ya okidi ya msituni. Tunda likianguka lina ganda gumu kama mpira wa mbao na anayelitoboa ni aguti, mnyama kama panya mkubwa, anakula mbegu kadhaa nyingine anazifukia halafu anasahau, ndizo zinaota. Ukipanda huo mti peke yake shambani unazaa kwa shida kwa sababu wenzake hawapo. Mimi ningeanza na kulinda kilichopo, kupanda kuje baadaye na pale palipoharibika tu.

Uzi_na_Rangi:
Aisee huyo aguti na nyuki wake ni kazi tatu tayari, mti, nyuki, mnyama, watu watatu tofauti halafu zinauzwa pamoja kama seti. Asante sana.

Jicho_la_Kamera:
Naongezea jambo la ukweli wa picha. Agosti 2019 Amazon ilipokuwa inaungua Rais Macron wa Ufaransa alituma picha ya moto iliyosambaa dunia nzima, kumbe imepigwa na Loren McIntyre, mpigapicha aliyefariki 2003. Moto ulikuwa wa kweli kabisa, lakini wasiotaka kusikia wakapata cha kushikilia. Nyie hakikisheni kila mchoro una mahali pake sahihi. Orangutangu wa mwituni wako Borneo na Sumatra tu, okapi ni wa Kongo, lemuri Madagaska, ndege tukani Amerika, ukiwaweka kwenye mti mmoja anayejua atakupita. Na ile ya kusema Amazon inatupa asilimia 20 ya oksijeni iacheni, msitu mkomavu unatumia karibu yote unayotengeneza. Semeni habari ya mvua na kaboni na viumbe, hizo zinatosha na hakuna wa kuzipinga.

fundi_redio:
Umeuliza kama pesa ndiyo kila kitu. Hapana. Topher White alikwenda Borneo kwenye kituo cha kulinda giboni, jamii ya nyani wasio na mkia, akakuta msumeno unanguruma karibu tu na walinzi hawausikii kwa kelele za msitu, akarudi akaunganisha simu kuukuu na paneli za sola, akazipandisha juu ya miti zisikilize misumeno na kutuma taarifa, ndiyo likaanza shirika la Rainforest Connection. Mtu mwenye ujuzi wake alitoa ujuzi wake. Na Yasuní, hifadhi ya msitu wa Amazon huko Ecuador, vijana wa kundi la Yasunidos walihangaika karibu miaka 10 kudai kura ya maoni, saini zao zikakataliwa, hawakuacha, Agosti 2023 karibu asilimia 59 ya waliopiga kura wakataka mafuta ya pale yabaki ardhini. Sasa mashirika ya wenyeji mara nyingi hayana mchoraji, hayana mtu wa kuwatengenezea bango wala video fupi. Waulizeni wanahitaji nini, inawezekana bango lenu likawafaa kuliko mnada.

Uzi_na_Rangi:
Nimeongea na wenzangu usiku huu na tumekubaliana, msitu mmoja, wenyeji ndio watuambie wanachotaka kabla hatujaanza kuchora, na risiti zote tunazibandika wazi kila mtu aone. Mapato ya mnada yatakaa kwenye akaunti yenye watia saini watatu. @Jicho_la_Kamera naomba uwe unapitia michoro kabla hatujaiposti, hasa wanyama. @fundi_redio kama unafahamu jamii yoyote inayohitaji mabango niandikie inboksi, wachoraji wanne wako tayari kuanza hata kesho.