Nikague nini kabla ya kununua Subaru Impreza WRX iliyotumika? (Arusha)

Mkazi wa Sakina:
Wakuu, habari za leo. Nimepata Impreza WRX ya mwaka 2003, gia za mkono, injini ya lita 2 yenye tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), na dashibodi inasoma kilomita 118,000. Mwenye gari ameahidi kuniletea nyumbani Jumamosi niijaribu. Naomba mnielekeze nianzie wapi, kwa sababu fedha hii nimeidunduliza miaka minne na sina nyingine ya kununulia injini.

Fundi, Majengo Moshi:
Ndugu yangu, usikubali kuletewa gari. Nenda kwake alfajiri, na kabla hajaliwasha weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta vuguvugu, ahirisha, kwani injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi. Ikiwa ya baridi, simama nyuma penye ekzosi wakati anawasha. Moshi wa bluu ni oili inayoungua: ukitoka mara injini inapowaka kisha ukakatika, mara nyingi ni sili za valvu (vizuizi vya oili kwenye valvu za injini), lakini ukitoka gari likishanguruma dakika kadhaa pale pale na mafuta yakakanyagwa ghafla, shuku tabo.

Injini ikishapoa, fundi wako afungue bomba la hewa linaloingia kwenye tabo na kuushika mhimili wa tabo kwa vidole. Utando mwembamba wa oili humo ndani usikutishe, na kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida. Mhimili ukiingia na kutoka, au mapanga yake yakiwa yamekwaruza ganda la tabo, tabo hiyo imekwisha. Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukielea juu ya oili, kwa hiyo mmiliki aliyechelewesha kubadilisha oili anaanza kuua hapo.

Mama wa Njiro:
Mimi niliamini mngurumo mzuri, nikalipa, na miezi miwili baadaye injini ikafunguliwa: pistoni moja ilikuwa imevunjika pembeni ya ringi. Kaka, lipia kipimo cha kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, kwenye silinda zote nne, na moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, ondoka. Dai pia ushahidi kwamba mkanda wa taimingi, unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni, ulibadilishwa ilipofika kilomita 100,000, maana ukikatika kwenye injini hii valvu hugongana na pistoni.

Dereva wa Usa River:
Naongeza matairi: yote manne yawe ya aina moja na yamelika sawa, la sivyo difu ya katikati, inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, huumia. Kisha lipandishe mlima ukiwa na gia ya tatu. Hapa Arusha tuko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na tabo iliyochoka huonekana upesi.

Mkazi wa Sakina:
Nawashukuru sana. Nimeshampigia: Jumamosi saa 12 asubuhi nitakuwa mlangoni kwake pamoja na fundi, na nimemwomba asiliwashe kabla hatujafika.