Majirani Mwanga: Kompyuta Mpya Haipandi Windows

[18:42] Mama Zuhura: Jamani majirani, habari za jioni. Vifaa vya kompyuta ya Zuhura vilifika jana na treni kutoka Dar, leo vimefungwa vyote. Feni zinazunguka, taa zinawaka, ila skrini nyeusi tii. Fundi Kassim, dada Neema, naomba mtusaidie kabla hatujaanza kufungua hovyo.

[18:44] Fundi Kassim: Salama mama. Msifungue kitu kwanza. Mazabodi (bodi kuu) gani, prosesa gani, na kuna kadi ya picha?

[18:47] Zuhura: Shikamooni wote. Mazabodi ni MSI B760M ya DDR4, prosesa Core i5-12400F, ramu za 8 GB mbili, diski NVMe (ile ndogo inayokaa kwenye mazabodi) ya 500 GB, kadi ya picha GTX 1650. Na ile diski ya zamani ya SATA (ya kuunganisha kwa waya) yenye picha za nyumbani, nayo tumeichomeka.

[18:49] Fundi Kassim: Marahaba. Hiyo diski ya zamani tutairudia. Chungulia kwenye mazabodi, pembeni kuna taa nne ndogo zimeandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Ukiwasha, zinapokezana. Iliyoganda ndiyo inakwambia safari imeishia wapi. Ipi imeganda?

[18:52] Zuhura: DRAM.

[18:55] Fundi Kassim: Basi ni ramu. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia kama sekunde 10 chaji iliyobaki iishe. Ramu zikiwa mbili, zinakaa nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Mazabodi nyingi siku hizi zina kibano upande mmoja tu wa juu, kwa hiyo kile kinabana vizuri na upande wa chini unabaki umeinuka kidogo. Kwa macho utasema imeingia. Kandamiza ncha zote mbili kwa vidole gumba mpaka usikie "tak". Ikigoma bado, acha ramu moja tu kwenye nafasi ya pili, kisha ujaribu na ya pili yake.

[18:57] Dada Neema: Na kwa wengine humu wanaotaka kujenga za DDR5: mara ya kwanza skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa, mashine inajipima na ramu zake. Watu wanazima katikati wakidhani imekufa, kisha inaanza upya. Yenu ni DDR4, haichukui muda huo.

[19:08] Zuhura: Upande wa chini ulikuwa juu kweli. Sasa imepita DRAM, imeganda VGA.

[19:10] Dada Neema: Waya wa skrini umechomeka wapi? Prosesa yako ina herufi F mwishoni, maana yake haina sehemu ya picha ndani. Tundu la HDMI lililo kwenye mazabodi, jirani na matundu ya USB, kwako halitoi kitu. Chomeka kwenye kadi, yale matundu ya chini yake. Na utazame kama kadi ina tundu la umeme ubavuni. GTX 1650 nyingi hazina, lakini zipo zenye pini 6, na hizo bila waya kutoka pawa saplai hazionyeshi kitu.

[19:14] Zuhura: Imeonyesha!! Nembo ya MSI, halafu maandishi kwamba hakuna kifaa cha kuwashia. Taa ya BOOT inawaka.

[19:15] Mama Zuhura: Hiyo BOOT ni ubovu tena?

[19:16] Fundi Kassim: Hapana mama. Diski ni mpya, tupu, mashine inatafuta mfumo na haukuti. Vifaa viko sawa. Kuanzia hapa bisibisi inakaa pembeni, kazi inayobaki ni ya flashi na bayosi, yaani mipangilio ya mazabodi kabla ya Windows.

[19:17] Mzee Haruna: Samahani kuwaingilia. Gari la taka kesho linapita saa moja asubuhi, msitoe mifuko usiku, mbwa wanaichana. Endeleeni.

[19:19] Dada Neema: Asante mzee. Zuhura, washa huku unagonga Delete mfululizo, utaingia bayosi. Soma vitu vinne: jina la prosesa, ramu 16384 MB, joto la prosesa, na jina la diski ya NVMe. Joto likiwa nyuzi 35 hadi 45 hapo bila kazi, ni salama. Likipanda kuelekea 90 ukiwa unaangalia tu, zima, kipoozeo hakijakaa au ile karatasi ya plastiki chini yake haijabanduliwa.

[19:23] Zuhura: Prosesa ipo, ramu 16384, joto 38, NVMe ipo. Tarehe siyo.

[19:24] Dada Neema: Rekebisha tarehe hapo hapo. Ukizima na kuchomoa umeme ikarudi nyuma, betri ya CR2032 kwenye mazabodi imeisha.

[19:26] Mwalimu Josephat: Mimi faili la Windows 11 ninalo kwenye laptopu, lile la ISO (diski nzima ya usakinishaji ndani ya faili moja). Nimekopi kwenye flashi ya 16 GB, Zuhura aje achukue?

[19:28] Fundi Kassim: Mwalimu, likikopiwa hivyo flashi haitawaka. Mashine inatafuta kwenye flashi folda ya EFI (ya faili za kuwashia) iliyo wazi, na hiyo imefungwa ndani ya ISO. Tumia Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kuwashia, hapo kwenye laptopu. Kwanza ondoa kila kitu cha maana kwenye flashi, itafutwa yote. Chagua ISO, kisha "Partition scheme" weka GPT (mgawanyo mpya wa diski), "Target system" weka UEFI (njia mpya ya kuwashia). Mfumo wa faili ("File system") uache NTFS kama Rufus yenyewe itakavyopendekeza.

[19:30] Mwalimu Josephat: Mbona niliambiwa flashi ya kuwashia lazima iwe FAT32?

[19:34] Fundi Kassim: Bayosi nyingi za UEFI zinasoma FAT32 peke yake, hilo ni kweli. Tatizo ni kwamba FAT32 haipokei faili moja linalozidi 4 GB, na ndani ya Windows 11 kuna install.wim ambalo linazidi hapo. Rufus inatatua kwa kutenga kipande kidogo sana cha FAT mwishoni mwa flashi, kina programu ya kuisomesha mashine NTFS. Mashine inaanzia pale, halafu inahamia kwenye NTFS. Kwa hiyo ukiona flashi ina vipande viwili usikifute kile kidogo. Na tumia Rufus ya karibuni, zile za zamani kipande hicho kilikataliwa na Secure Boot, kinga inayoruhusu kuwasha kwa programu zenye saini tu.

[19:36] Dada Neema: Na kabla ya kuandika flashi, mwalimu, linganisha alama ya SHA256 (kama alama ya kidole ya faili) ya ISO na ile iliyo kwenye ukurasa wa Microsoft. Faili la zaidi ya 5 GB lililopakuliwa kwa bando la usiku mtandao ukikatika katika huharibika kimyakimya, unafika asilimia 60 ya kupiga (kusakinisha) Windows ndipo linagoma. Kwenye PowerShell andika Get-FileHash kisha jina la faili.

[19:52] Mwalimu Josephat: Alama inafanana. Rufus imemaliza. Zuhura anakuja?

[19:53] Zuhura: Nakuja sasa hivi mwalimu.

[19:55] Fundi Kassim: Zuhura, kabla hujachomeka flashi nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapigia Windows pabaya. ZIMA, kisha chomoa waya wa data wa ile diski ya zamani ya SATA. Iache nje mpaka mwisho.

[19:56] Mama Zuhura: Kwa sababu ya picha zisifutike?

[20:01] Fundi Kassim: Hiyo moja. Ya pili haionekani siku ile ile. Windows inajigawa: yenyewe inakaa kwenye NVMe, lakini faili za kuiwashia zinakaa kwenye kipande kidogo cha EFI, kama 100 MB. Kisakinishi kikikuta diski nyingine tayari ina kipande cha EFI, kinaweza kuzitupia faili humo humo. Kila kitu kitafanya kazi miezi hata sita. Siku mnachomoa diski ya zamani, au inakufa, kompyuta inasema hakuna kifaa cha kuwashia na Windows yenu ipo nzima kwenye NVMe. Diski ikiwa moja tu, hakuna pengine pa kuziweka.

[20:02] Dada Neema: Sisitiza hapo fundi. Kurekebisha inawezekana kwa amri ya bcdboot, lakini lazima utengeneze kipande kipya cha EFI kwanza. Kuchomoa waya mmoja leo ni rahisi zaidi.

[20:15] Zuhura: Diski imetoka. Flashi nimechomeka, nimegonga F11. Flashi imejitokeza mara mbili! Moja ina "UEFI:" mbele, nyingine haina.

[20:18] Dada Neema: Chagua yenye UEFI, kama ni mbili zenye UEFI jaribu ya kwanza. Ile isiyo na neno hilo ni njia ya kizamani. Njia utakayoingilia ndiyo itakayoamua diski igawanywe vipi: UEFI inataka GPT, ya kizamani inataka MBR, mgawanyo wa zamani. Ukichanganya, kisakinishi kitakataa diski mbele ya macho yako. Bora zaidi rudi bayosi, pale kwenye Boot Mode au CSM, weka UEFI tupu, hilo jina la pili litapotea kabisa. Ukiwa humo, angalia Security Device Support na PTT viwe vimewashwa. Hiyo ndiyo TPM 2.0, sehemu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, kwenye AMD inaitwa fTPM.

[20:27] Zuhura: Nimeweka UEFI, PTT ilikuwa imezimwa nimewasha, F10 kuhifadhi. Imeingia! Ila mahali pa kuchagua diski pako patupu.

[20:30] Fundi Kassim: Bayosi inaiona na kisakinishi hakiioni. Tafuta VMD bayosi, kama imewashwa izime. Hiyo inaificha NVMe nyuma ya kidhibiti cha Intel na kisakinishi hakina draiva yake. Unaweza pia kupakia draiva ya Intel RST kutoka flashi nyingine, lakini kwa diski moja VMD haikuongezei kitu. Fanya sasa, kabla ya kupiga Windows. Ukiizima VMD baadaye, Windows iliyopigwa VMD ikiwa imewashwa haitapanda.

[20:37] Zuhura: Ilikuwa imewashwa. Sasa naona Drive 0, Unallocated Space, 465.8 GB.

[20:38] Mama Zuhura: Si tulinunua ya 500?

[20:39] Mwalimu Josephat: Ni ile ile mama. Kiwanda kinahesabu GB moja kwa bilioni moja, Windows inahesabu kwa 1024 × 1024 × 1024.

[20:41] Fundi Kassim: Usigawanye kwa mkono. Chagua hiyo nafasi tupu, bonyeza Next, itatengeneza vipande vyake yenyewe. Mama, UPS (betri ya akiba) ipo? Umeme ukikatika hapa mtaanza upya.

[20:42] Mama Zuhura: Ipo, ya duka. Nimeichomeka.

[20:44] Dada Neema: Ikijizima na kujiwasha mara ya kwanza, chomoa flashi pale skrini inapokuwa nyeusi. Ikiachwa na ikiwa juu kwenye mpangilio, itarudi mwanzo wa usakinishaji na utadhani imekwama. Baadaye itadai intaneti na huenda draiva ya mtandao haimo. Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, washa USB tethering, mara nyingi inatambuliwa bila draiva yoyote.

[21:19] Zuhura: IMEPANDA. Imedai intaneti, nimetumia simu ya mama, ikakubali. Niko desktop.

[21:20] Mama Zuhura: Mungu awabariki sana majirani 🙏🏾

[21:23] Fundi Kassim: Hongera mwanangu. Sasa zima, rudisha waya wa diski ya zamani, kisha uingie bayosi kabla ya kitu kingine. Diski hiyo ina Windows ya zamani ndani, na mazabodi inaweza kuipandisha juu ya foleni. Wa kwanza awe "Windows Boot Manager" yenye jina la NVMe.

[21:31] Zuhura: Iko ya kwanza. Picha zote zipo. Ila kasi ya ramu inaonyesha 2666, na kwenye boksi imeandikwa 3200.

[21:34] Dada Neema: 3200 inakuja ukiwasha XMP (mpangilio wa kasi uliowekwa na kiwanda cha ramu) bayosi. Leo iache. Kwanza Windows Update imalize, draiva ya kadi ya picha iingie, mashine ikae siku nzima bila kujizima. Kesho jioni washa XMP. Ikigoma kuwaka itajaribu yenyewe mara chache kisha irudi 2666. Isiporudi, chomoa umeme na utoe ile betri ya CR2032 dakika tano. Ukiitoa, bayosi inarudi ya kiwandani, kwa hiyo kabla ya kupanda Windows ingia tena uhakikishe UEFI, PTT na VMD viko kama ulivyoviacha leo.