Filamu ya familia inapendeza mwanzoni, katikati inachosha: kasoro iko wapi?

mpenzi_wa_sinema
Wakuu, filamu nyingi za familia zenye maajabu, kama wanyama wanaoongea au nyumba yenye uchawi, hupendeza sana nusu saa ya kwanza. Baadaye watoto wanahangaika vitini, wakubwa wanatazama saa. Kasi ni ileile, vichekesho ni vilevile. Kinachopotea ni nini?

meza_ya_uhariri
Jibu limo kwenye swali lako, ndugu: vichekesho ni vilevile. Kituko cha kwanza kinafurahisha kwa ugeni wake. Cha pili kinafurahisha kwa kuwa tulikuwa tunakisubiri. Cha tatu kisipogeuka ni marudio tu. Orodhesha vituko vyote, na mbele ya kila kimoja andika kimembadilishia nini mhusika mkuu. Ukikuta vitatu mfululizo havina kitu, filamu imekwama hapo. Usikimbilie mkasi; unaweza kukata dakika 10 nzima na bado ikachosha, kwa sababu kasoro imo kwenye muswada.

Sikiliza na muziki. Ondoa sauti yake kwenye tukio la kuchekesha, acha maneno na vishindo tu. Kama hakuna cha kucheka, basi muziki ndio uliokuwa ukimwamuru mtazamaji acheke, na amri hiyo huchosha haraka mno.

mwandishi_miswada
Mimi naona kosa kubwa ni uchawi usio na mipaka. Kifimbo kikiweza kila kitu, hatari haina uzito. Kabla robo ya kwanza haijaisha, onyesha kinachoweza, kisichoweza, na anayekitumia anapoteza nini. Watoto hushika masharti hayo kuliko wazazi wao, na ukiyavunja wanajua.

Tazama My Neighbor Totoro, katuni ya Kijapani ya Hayao Miyazaki (1988): dakika 86 tu, na Totoro, kiumbe wa ajabu mwenyewe, huonekana mara chache. Inayoishikilia ni hofu ya watoto wawili ambao mama yao yuko hospitali. Kinyume chake, Doctor Dolittle ya 1967, yenye wanyama tele, inapita saa mbili na nusu.

mpenzi_wa_sinema
Asanteni. Lakini si watoto hupenda marudio?

meza_ya_uhariri
Hupenda kurudia hadithi nzima waliyokwisha kuipenda. Ndani ya hadithi yenyewe wanataka jambo lisonge. Ukirudia kituko, mbadilishe anayekifanya, au kifeli safari hii, tena pale mhusika alipokitegemea zaidi.