Kisumu hadi Mombasa kwa ndege: je, kupitia Nairobi kunarefusha safari?

Mkazi wa Mamboleo, Kisumu
Habari zenu, wanajukwaa. Ninapanga kumpeleka mama Mombasa kwenye harusi ya mjukuu wake, naye magoti yanamsumbua kiasi kwamba basi la usiku kucha haliwezi tena. Nimepima kwenye ramani nikapata kwamba umbali wa angani ni takriban kilomita 695, ilhali kwa barabara ni zaidi ya 800. Hata hivyo, tiketi niliyoonyeshwa, ambayo inapitia Nairobi, inachukua zaidi ya saa nne. Je, kupitia Nairobi kunaongeza umbali kiasi hicho?

Jirani wa Kondele
Ndugu, nifikishie mama shikamoo. Umbali hauongezeki kwa kiasi cha kukusumbua, kwa kuwa Nairobi iko karibu kabisa na mstari ulionyooka kati ya miji hiyo miwili. Kutoka Kisumu hadi uwanja wa Jomo Kenyatta ni kilomita 280 hivi, na kutoka hapo hadi uwanja wa Moi ni kama 420, kwa hiyo jumla ni 700. Kinachokula muda ni kutua na kungoja ndege ya pili. Tena, muda ulioandikwa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa hadi inaposimama tena, na ndani yake kuna kungoja zamu ya kuruka, kupaa, kupunguza mwendo mapema na kupanga foleni ya kutua Nairobi. Ndiyo maana ndege ya rafadha yenye mwendo wa kilomita 500 kwa saa, ambayo ingemaliza kilomita 280 kwa dakika 34, hupangiwa dakika 50 hivi.

Mama Wawili, Nakuru
Naongezea jambo ambalo kwa mgonjwa wa magoti ni kubwa kuliko kilomita. Angalia herufi za uwanja kwenye tiketi: NBO ni Jomo Kenyatta, WIL ni Wilson. Ndege ya kwanza ikitua kimoja na ya pili ikaondokea kingine, itawabidi mvuke jiji kwa gari pamoja na mizigo, na foleni za Nairobi mnazijua. Safari zote mbili ziwe kwenye tiketi moja, ili ya kwanza ikichelewa shirika liwatafutie nafasi nyingine. Kiti cha magurudumu kiombwe siku ya kukata tiketi, kwa viwanja vyote vitatu.

Mkazi wa Mamboleo, Kisumu
Asanteni sana. Na nikipata ndege ya moja kwa moja, lakini ya siku moja kabla ya ile niliyokusudia?

Jirani wa Kondele
Ichukue, ndugu yangu. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi, mama atapanda ngazi mara moja na kushuka mara moja, na atapata usiku mzima wa kupumzika kabla ya harusi.